Kuotesha kifauongo chunguni na kupima mwendo wa majani yake

Mtoto aliyekulia sehemu yenye mvua za kutosha katika Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kifauongo ni nini. Ni ule mmea mfupi wenye miiba, unaotambaa kando ya njia na pembezoni mwa viwanja vya mpira, ambao majani yake hujikunja mara yanapoguswa na vikonyo vyake huinama kana kwamba mmea umenyauka ghafla, kisha baada ya dakika chache hufufuka. Wengi wetu tuliugusa, tukacheka, tukaugusa tena, tukaenda zetu. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kubaki hapo kidogo: mwalimu wa sayansi, mzazi mwenye watoto wadadisi, au mtu mzima ambaye udadisi haukumwisha. Unaeleza namna ya kupata mbegu, kuotesha, kutunza, na hasa namna ya kuuchunguza mmea kwa utaratibu. Gharama yake ni ndogo sana. Kinachohitajika zaidi ni uvumilivu, kwa sababu mmea huu ukiguswaguswa ovyo hauonyeshi kitu.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliuita Mimosa pudica, na neno pudica la Kilatini lina maana ya mwenye haya. Wabengali nao huuita lajjabati, kwa maana hiyo hiyo ya haya. Waswahili hawakuona haya bali hila, wakauita kifauongo, jina ambalo wamempa pia mdudu anayejifanya amekufa akiguswa. Kwa maoni yangu Waswahili ndio waliokaribia ukweli, na sababu yake itaonekana mbele. Asili ya mmea huu ni maeneo ya joto ya Amerika ya Kati na Kusini. Kwetu ni mgeni aliyeenea hadi kuwa gugu katika Kenya, Tanzania na Uganda. Kwa hiyo tangu mwanzo amua kwamba kifauongo chako kitaishi chunguni, wala hakitapandwa ardhini kwa sababu yoyote ile.

Kutambua mmea na kukusanya mbegu

Hakikisha kwanza kwamba mmea uliouona ndio wenyewe. Jani la kifauongo lina kikonyo kimoja kikuu, nacho mwishoni hugawanyika kuwa vitawi viwili hadi vinne vilivyokaa mfano wa vidole vya mkono uliokunjuliwa. Kila kitawi kina jozi kumi au zaidi za vijijani vyembamba vilivyopangwa pande mbili. Ua lake ni kitufe cha nyuzinyuzi za rangi ya waridi au zambarau isiyokolea, chenye upana wa sentimita 1 hivi. Maganda yake hukaa kwa vishada, kila ganda likiwa bapa, lenye urefu wa sentimita 1 hadi 2, na kingo zake zimejaa vinywele vigumu vinavyochoma.

Usiuchanganye na ndugu yake Mimosa pigra, kichaka kikubwa cha kandokando ya mito na maziwa ambacho huweza kupita urefu wa mita 2. Nacho hujikunja kikiguswa, lakini kwa uvivu, na maganda yake ni marefu zaidi. Mkwaju na lukina pia hukunja majani yake usiku, ila ukiigusa mchana haijali. Jaribio la kidole lina thamani hapa: kifauongo halisi hukunja vijijani vilivyoguswa ndani ya sekunde moja au mbili.

Subiri maganda yawe ya kahawia na makavu kabisa. Vaa glavu, au kata kishada kizima kwa mkasi na kukiangushia kwenye bahasha ya karatasi, maana vinywele vya maganda na miiba ya shina havimsamehi mtu. Ganda kavu hukatika vipande vipande, kila kipande kikiwa na mbegu moja ndogo, bapa, ya rangi ya kahawia. Mbegu ishirini zinatosha kwa darasa zima. Wakati uko hapo, chota na konzi moja ya udongo kutoka kwenye mizizi ya mmea huo, kwa sababu ambayo nitaieleza muda si mrefu.

Kuamsha mbegu

Hapa ndipo watu wengi hushindwa. Mbegu ya kifauongo ina ganda gumu lisilopitisha maji, na ukiifukia hivi hivi inaweza kulala ardhini majuma mengi bila kuota. Dawa yake ni kulitoboa au kulilainisha ganda hilo. Njia ninayoipenda ni kuisugua mbegu kwenye kipande cha msasa laini, mara tano au sita upande mmoja, hadi rangi ya ndani iliyofifia ianze kuonekana, huku ukijihadhari usifike kwenye kiini. Anayeona kazi hiyo ni ndogo mno kwa vidole vyake anaweza kuzimwagia mbegu maji ya moto kwenye kikombe na kuziacha humo hadi kesho yake. Maji yawe ya moto, yasiwe yanayochemka: mara yangu ya kwanza niliyamimina moja kwa moja kutoka kwenye birika iliyokuwa bado inatokota, na kati ya mbegu thelathini haikuota hata moja.

Asubuhi utaziona mbegu zilizonyonya maji zimevimba mara mbili ya ukubwa wake wa awali. Hizo ndizo za kupanda. Zilizobaki ndogo zirudishe kwenye msasa, kisha uziloweke tena.

Kupanda na kutunza

Tumia chungu au kopo lenye upana wa sentimita 12 hadi 15, lililotobolewa chini. Changanya sehemu mbili za udongo wa bustani, sehemu moja ya mchanga na sehemu moja ya mboji iliyokwisha kuoza, kisha nyunyizia ule udongo uliouchota porini. Kifauongo ni wa jamii ya mikunde, sawa na kunde na maharage, na mizizi yake hutengeneza vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani. Udongo wa kwao huwaleta bakteria hao. Kwa sababu hiyo hiyo usiupe mmea mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi, isije ikakupa majani mengi na vinundu vichache.

Panda mbegu mbili au tatu kwa kina cha nusu sentimita, mwagilia polepole, na uweke chungu mahali penye joto. Pwani, mbegu zilizoamshwa vizuri huanza kuchomoza kwa kawaida ndani ya juma moja au mawili. Katika nyanda za juu kama Njombe au Limuru huchelewa, na inafaa chungu kiwekwe ndani karibu na dirisha linalopata jua. Miche ikishaimarika, bakiza mmoja wenye nguvu na uikate mingine kwa mkasi usawa wa udongo. Usiing'oe, kwa kuwa mizizi imeshikana. Nashauri pia usihamishe mche kutoka chungu hadi chungu ila kwa dharura, kwani huchukia kusumbuliwa mizizi.

Mmea unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa sita hivi kwa siku. Mwagilia asubuhi unapoona udongo wa juu umekauka, ukilenga udongo badala ya majani. Jambo hili la mwisho si urembo: kila tone linaloanguka juu ya jani ni mguso, na mmea uliojikunja hupoteza sehemu ya mwanga ambao ungeutumia kujitengenezea chakula. Chunguza upande wa chini wa majani mara kwa mara, maana utitiri hupenda mimea iliyowekwa ndani ya nyumba yenye hewa kavu. Ukiuona, osha majani kwa maji siku ambayo huna jaribio. Shina likizidi kurefuka, kata ncha ili litoe matawi. Watoto wadogo na mifugo wasiutafune, kwa kuwa una mimosini, sumu ile ile iliyomo katika lukina.

Kuanzia juma la tano au la sita mmea huwa na majani ya kutosha kwa majaribio. Kabla ya hapo jizuie, na uwazuie wageni. Najua ni vigumu. Kila anayeingia sebuleni hunyoosha kidole.

Kinachotokea ndani ya jani

Maelezo haya ni mafupi, lakini bila hayo majaribio hayana kichwa wala miguu. Tazama kwa makini mahali kijijani kinapoungana na kitawi, kitawi kinapoungana na kikonyo, na kikonyo kinapoungana na shina. Katika kila kiungo pana uvimbe mdogo, ambao hapa nitauita kifundo. Jani lenyewe halina msuli. Kazi yote hufanywa na vifundo hivi vya aina tatu. Seli za kila upande wa kifundo zimejaa maji na kusukumana, na jani husimama kwa sababu misukumo hiyo imelingana. Jani likiguswa, ishara ya umeme hufika kwenye kifundo, kalisi huongezeka ndani ya seli, kisha potasiamu na kloridi hutoka kwa haraka kwenye seli za upande mmoja na maji huzifuata. Upande huo hulegea, upande wa pili hubaki umejaa, na kiungo hupinda. Kufufuka ni kurudisha madini na maji mahali pake, kazi inayotumia nguvu, na ndiyo maana kujikunja huchukua sekunde ilhali kukunjuka huchukua dakika kumi, ishirini au hata zaidi.

Jagadish Chandra Bose, mwanafizikia wa Kolkata aliyeanzisha mwaka 1917 taasisi ya utafiti yenye jina lake, alitumia miaka mingi kuupima umeme huo kwa mashine alizozibuni mwenyewe. Kabla yake, mwaka 1878, Mfaransa Claude Bernard alieleza kwamba kifauongo kilichofunikwa pamoja na mvuke wa etha, dawa ya usingizi ya hospitali za zamani, huacha kujikunja kwa muda, kisha hurudia hali yake. Jaribio hilo lisifanyike nyumbani, kwa kuwa etha hulipuka.

Jaribio la kwanza: mguso na wimbi

Fanya kazi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mmea ukiwa umemwagiliwa siku hiyo na haujaguswa kwa muda wa saa moja. Joto likiwa chini ya nyuzi 15 za Selsiasi hivi, usijisumbue. Vifundo huwa vizito na utadhani mmea unaumwa. Simamisha simu mbele ya jani moja, weka rula ya sentimita nyuma yake, na uanze kurekodi video.

Kwa ncha ya ubua wa nyasi gusa jozi ya mwisho ya vijijani kwenye ncha ya kitawi. Ukigusa kwa wepesi, jozi hiyo na labda chache za jirani zitafunga. Ukiibana kidogo kwa kucha, jozi zitafunga moja baada ya nyingine kuelekea kwenye kikonyo, kama anayefunga vifungo vya kanzu. Cheza video polepole, uhesabu sekunde kuanzia jozi ya kwanza hadi ya mwisho, kisha gawanya urefu wa kitawi kwa sekunde hizo. Kitawi cha sentimita 4 kilichotumia sekunde 2 kinakupa kasi ya sentimita 2 kwa sekunde. Ukipata kati ya 2 na 3, umepata kile ambacho wataalamu hukipata mara nyingi.

Subiri jani likunjuke kabisa. Kisha, bila kugusa vijijani, pitisha ubua taratibu upande wa chini wa kile kifundo kikubwa kinachounganisha kikonyo na shina. Jani zima litaanguka huku vijijani vikiwa bado wazi. Watu wengi huwa hawajawahi kuliona jambo hili, kwa sababu kila siku hugusa mahali pale pale.

Kwa jaribio kali zaidi, chukua kijiti cha udi kilichowashwa na ukisogeze karibu na kijijani kimoja cha mwisho kwa sekunde mbili tu. Joto hujeruhi, na jeraha hupeleka ujumbe mbali zaidi kuliko mguso: kitawi hufunga, kikonyo huinama, na baada ya muda majani mengine kwenye shina hilo hufuata moja moja. Andika mpangilio wake na nafasi kati ya jani na jani. Kijijani kilichoungua kitakauka, kwa hiyo jaribio hili lifanyike mara moja kwa mmea, na mikononi mwa watoto lifanyike mbele ya mtu mzima.

Mwaka 2022 watafiti wa Japani, miongoni mwao Masatsugu Toyota wa Chuo Kikuu cha Saitama, walionyesha kwamba ishara ya kalisi hutangulia mwendo wa majani, na kwamba mimea iliyotengenezwa bila vifundo vinavyofanya kazi huliwa zaidi na panzi kuliko ile inayojikunja. Panzi akitua, meza ya chakula humkunjikia miguuni. Hiyo ndiyo hila ambayo jina la Kiswahili liliitaja mapema.

Jaribio la pili: je, mmea huzoea?

Inasimuliwa kwamba Desfontaines, mtaalamu wa mimea wa Paris, alimtuma mwanafunzi wake azungushe vyungu vya kifauongo mjini kwa gari la farasi. Barabara ya mawe ilipoanza kutikisa gari, majani yote yalijikunja. Safari ilipoendelea, yalikunjuka huku mtikiso ukiwa ule ule. Mwaka 2014 Monica Gagliano na wenzake walichapisha jaribio la kuangusha vyungu tena na tena kutoka urefu wa sentimita 15, wakaeleza kwamba mimea iliacha kujikunja na haikusahau hata baada ya majuma kadhaa. Neno kumbukumbu lilizua mabishano, na wapo wanaosema kwamba mmea huwa umechoka tu.

Unaweza kuupima ubishi huo mezani kwako. Jaza maji katika bomba la sindano lisilo na sindano, ulishike sentimita 5 juu ya jani moja, na udondoshe tone moja kila baada ya sekunde 10, mahali pale pale, kwa utulivu. Andika kila tone: limefunga vijijani vingapi? Mara nyingi itafika wakati jani linaanza kukunjuka huku matone yakiendelea kuanguka. Hapo usishangilie bado. Chukua burashi laini na upitishe juu ya jani hilo hilo. Likifunga mara moja, uchovu si maelezo ya kutosha, kwa kuwa jani lilikuwa na uwezo wa kufunga na halikuutumia kwa tone. Lisipofunga, basi limechoka, na hupaswi kuandika vinginevyo daftarini. Rudia kwa mimea mitatu tofauti kabla ya kusema chochote mbele ya watu, na kila mara uwe na mmea mwingine pembeni ambao haukudondoshewa tone.

Jaribio la tatu: usingizi gizani

Jioni, karibu na saa 12, vijijani hufunga vyenyewe bila kuguswa na hubaki hivyo hadi asubuhi. Swali ni iwapo hufunga kwa sababu jua limezama. Mwaka 1729 Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuficha mmea wenye majani ya aina hii mahali pa giza, na habari ikafikishwa kwenye Akademia ya Sayansi ya Paris kwamba majani yaliendelea kufunguka mchana na kufunga usiku ingawa hayakuliona jua. Mwaka 1832 Augustin Pyramus de Candolle aliongeza kwamba, mchana na usiku vikishafanana, mzunguko wake hupungua hadi saa 22 au 23, yaani saa ya mmea haiendi sawasawa na ya jua.

Weka chungu ndani ya kabati lenye giza totoro kuanzia saa 2 usiku. Fungua kwa sekunde chache saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 1 jioni, ukitumia mwanga hafifu na bila kutikisa mlango. Mtikiso wa mlango utafunga majani na kukuharibia siku nzima. Siku mbili zinatosha, kwa sababu kuanzia ya tatu mmea hudhoofika. Utashangaa kuyakuta majani wazi saa 6 mchana ndani ya giza.

Majani yasipofunguka

Ukiona majani yamefungwa mchana kutwa bila mguso, angalia udongo kwanza, maana kiu hufanana sana na kujifanya umekufa. Kama udongo una unyevu, angalia upepo: chungu kilichowekwa mbele ya feni hakitapumzika. Baridi na kuhamishwa chungu pia hufunga majani kwa siku mbili tatu. Majani ya chini yanayogeuka manjano na kuanguka huwa ni uzee wa kawaida, lakini yakiwa mengi kwa pamoja, mara nyingi maji yamezidi na matundu ya chini ya chungu yameziba.

Maua hutokea mmea ukifikisha miezi miwili au mitatu. Yaache yachanue, ila maganda yakianza kugeuka kahawia yakate yote kabla hayajakatikakatika, ubakize mbegu unazozihitaji ndani ya bahasha ya karatasi yenye tarehe, na zinazobaki uzichome pamoja na mabua. Ganda gumu lililokusumbua wakati wa kupanda huiwezesha mbegu kukaa hai miaka mingi, kwa hiyo udongo wa chungu cha zamani usiumwage bustanini. Utumie tena kwa kifauongo cha msimu ujao.